Mlolardi wa Fereej Bin Mahmoud

Levis Onyango alitaka kitu kimoja tu duniani, na wala hakukificha: arudi nyumbani akiwa pasta. Si pasta wa kujiita, la. Pasta aliyewekewa mikono, mwenye cheti, mwenye kola nyeupe shingoni. Mkataba wake wa sekyuriti hapa Doha ulikuwa unaisha Januari 2016, naye alikuwa amefikisha miaka thelathini na minane bila kuwahi kuwa mkubwa wa kitu chochote, labda ile nguzo ya geti inayopanda na kushuka. Kule Ugunja mama yake alikuwa ameshawatangazia akina mama wenzake, na kitambaa cha sare za mapokezi kilikuwa kimeshachaguliwa. Sasa mtu arudi bila upasta aseme nini? Kwamba miaka saba yote alikuwa anafungulia watu geti?

Geti lenyewe lilikuwa la jengo la ghorofa nane pale Fereej Bin Mahmoud. Levis alishika zamu ya asubuhi. Aliandika wageni kwenye daftari, aliwakataza watu kuegesha gari mbele ya jenereta, na kuanzia saa nne, wapangaji wakishaenda kazini, alikaa kwenye kibanda chake chenye kiyoyozi cha kelele, akawa na saa mbili zake mwenyewe na simu. Hapo ndipo aliposomea uchungaji. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kinamtumia masomo kwa barua pepe, naye alikuwa amebakiza karatasi moja tu, Historia ya Kanisa.

Kanisa lake liliitwa Mlima wa Utukufu Intanashono. Hiyo Intanashono ilipachikwa mwaka 2011, siku Mfilipino mmoja alipoingia ukumbini kwa kukosea mlango, akaona haya kutoka, akavumilia mpaka sala ya mwisho. Tangu siku hiyo ibada ikawa ya Kiingereza. Mfilipino mwenyewe hakurudi tena, lakini Kiingereza kilibaki. Kila Ijumaa, kwenye ukumbi wa kupanga upande wa Abu Hamour, Wahindi wakishamaliza zamu yao na kukunja nyaya zao, Wakenya na Waganda mia moja na kitu waliingia kumwabudu Mungu kwa lugha ambayo nusu yao waliifuata kwa mbali sana. Wakisikia sauti inapanda, wanajua hapo ni amina.

Kiongozi wao alikuwa Askofu Herbert. Siku za kazi alikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi fulani ya mizigo, na uaskofu aliupata kihalali kabisa, kutoka kwa askofu mwingine aliyekuwa amekwama Doha saa tisa akisubiri ndege ya kuunganisha. Tusimwonee lakini. Ukiugua, Askofu Herbert ndiye aliyekuja na gari lake kukupeleka hospitali. Ukifiwa, ndiye aliyekuja kukaa na wewe kitandani kwako, kwenye chumba cha watu sita, akiwa na tai yake. Levis alimpenda, na hilo ndilo lililoharibu mambo.

Sasa hiyo karatasi ya mwisho. Wanafunzi waliambiwa wachague kundi moja la watu waliosimama imara kwa ajili ya imani. Levis alitaka kuandika juu ya Wajerumani waliolipasua kanisa, ambao kila mtu anawajua, ila faili la Wajerumani lilikataa kufunguka kwenye simu yake. Lililofunguka lilikuwa la Walolardi.

Jina hilo hakuwahi kulisikia. Akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyokaa wima. Kumbe hawa walikuwa Waingereza wa kawaida tu, miaka mia sita na zaidi iliyopita: wafumaji, washonaji, wake za wakulima, na mapadri wachache wa huko vijijini. Walikuwa wamefuata mafundisho ya msomi mmoja wa Oksifadi, Yohana Wiklifu. Kosa lao kubwa ni kwamba walitaka Biblia isomwe kwa Kiingereza. Siku hizo Mungu alisemeshwa Kilatini, na Kiingereza kilikuwa lugha ya kuswagia ng'ombe. Levis alicheka peke yake kibandani. Kiingereza hiki hiki, kinachomtoa jasho kila Ijumaa, kiliwahi kuwa lugha ya washamba!

Walolardi walisema kwamba mtu wa kawaida akijua kusoma anaweza kumsomea jirani yake, bila kumwomba askofu ruhusa. Walikutana majumbani, milango imefungwa. Wanawake wasiojua hata herufi moja walizishika sura nzima kichwani, wakawa wanazirudia huku wanapika. Maaskofu wakakasirika, mwaka 1401 ikatoka sheria ya kuwachoma moto. Huyo Wiklifu naye, zaidi ya miaka arobaini tangu azikwe, wakamfukua, wakaichoma mifupa yake, majivu wakayamwaga mtoni. Yaani mtu ameshakufa zake, ametulia, bado mnamdai utii.

Lakini wengi wao hawakuchomwa. Wengi, walipoona mambo yamekuwa mazito, walikana. Adhabu yao ilikuwa kutembezwa mbele za watu na mzigo wa kuni begani, zile kuni ambazo wangechomewa, kisha waseme nimekosea, halafu waende nyumbani wakale. Hao ndio waliomuudhi Levis. Aliwaandikia kurasa mbili nzima. Aliwaita vigeugeu. Aliandika kwamba mtu anayeiacha kweli kwa kuogopa watu hakuwahi kuwa nayo, akapiga mstari chini ya sentensi hiyo kwa sababu aliipenda. Kisha akamsomea karatasi yote Harun, sekyuriti mwenzake wa zamu ya mchana, mtu wa Kwale, Mwislamu, msikilizaji mzuri.

"Umewachamba kweli," Harun akasema. "Wanakujua?"

Hasira hiyo Levis alikuwa na haki nayo kidogo, au ndivyo alivyojiona, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anafanya yale yale ya Walolardi, na hata kabla hajajua kwamba yana jina.

Ilianza mwezi wa tatu. Levis alikuwa amepewa simu ya kanisa aishike, ile ya kupokea maombi na maulizo. Siku moja ikaingia sauti ya mwanamke. Aliitwa Peninah, wa Kitale, mfanyakazi wa nyumbani huko Al Thumama, shagala kama wanavyoitwa huku. Alisema Ijumaa hapati ruhusa ya kutoka. Kuna mtu alimtumia mahubiri ya Askofu aliyoyarekodi, akasikiliza yote, akaelewa haleluya peke yake. Biblia yake ilibaki kwenye begi kule kwa ajenti, na hata angekuwa nayo, kusoma kwake ni kwa shida. Je, kuna mtu huko kanisani anayeweza kumsomea kidogo kwa Kiswahili?

Levis akamsomea sura moja ya Injili, akaituma. Kesho yake Peninah akamrudishia sura ile ile kwa sauti yake mwenyewe, yote, ameishika. "Mwalimu," akasema mwishoni, "ongeza."

Akaongeza. Peninah akawaambia wenzake, hao nao wakawaambia wenzao, na kufikia mwezi wa tisa walikuwa wanawake ishirini na watatu, Wakenya na Waganda, wametawanyika kwenye majumba ya Doha nzima. Levis hakuwahi kumwona hata mmoja, wala wao hawakuwahi kumwona. Walijuana kwa sauti tu. Walisikiliza wakati wa kupiga pasi, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambayo mtu anaachwa peke yake chumbani, waya mmoja wa sikio umefichwa chini ya kitambaa cha kichwa. Kila nyumba ina wanaume, kila mwanaume ana kanzu nyeupe, na kila kanzu lazima inyooke mpaka iweze kusimama yenyewe. Kwa hiyo walipima Maandiko kwa kanzu. Zaburi fupi ilikuwa nusu kanzu. Sura ya kawaida, kanzu tatu. Yale majina ya mababu, fulani akamzaa fulani, yalikwenda kanzu tano na ghutra mbili, vile vitambaa vya kichwa vya wanaume, na Peninah aliyashika pia, akasema yanamsaidia kwenye kola.

Sheria ya kundi ilikuwa moja, na hakuna aliyehitaji kuiandika: usipige simu. Tuma sauti, mwenyewe ataisikiliza akipata nafasi. Nyumba nyingine simu ya shagala inakaa jikoni mbele ya madam, na ikilia madam ndiye anayepokea. Nyumba nyingine simu hairuhusiwi kabisa. Ya Peninah ilikuwa ya siri, imelala ndani ya mkebe wa vibanio vya nguo. Hata ukiizima sauti bado ilikuwa inatetemeka, na mkebe ulikuwa wa bati.

Hayo yote yaliendelea vizuri mpaka mtu mmoja alipotaka kushukuru. Milcah, Mganda mmoja wa Abu Hamour aliyekuwa na madam mpole, alituma ujumbe kwenye namba ya Askofu mwenyewe. Alishukuru kanisa kwa moyo wote kwa niaba yao wote ishirini na watatu, akasema Bwana aendelee kumtumia Pasta Levis.

Askofu alimwita Jumatatu jioni. Asubuhi ya Jumatatu hiyo hiyo, saa nne na nusu, matokeo yalikuwa yametoka Nairobi. Levis alikuwa amepata tisini na mbili kwa mia, na mwalimu aliyesahihisha alikuwa ameandika kwamba haijawahi kumpitia karatasi yenye moto namna hii. Levis akaenda kwa Askofu akiwa anaelea.

Askofu Herbert alikuwa anakaa mitaa miwili tu kutoka kwenye jengo la Levis. Alimtilia chai yeye mwenyewe, akamwongeza maziwa.

"Levis, mwanangu," akasema, ingawa Levis alimzidi umri kwa miaka minne. "Pasta Levis ni nani?"

"Simjui, Baba Askofu."

"Hata mimi simjui. Lakini kuna dada anamshukuru." Akamsukumia simu mezani. Levis akausoma ujumbe.

"Ni mimi. Lakini hilo la pasta sikujiita. Na sifundishi, Baba Askofu. Ninawasomea tu."

"Unawasomea. Nani amekufunika?"

Hapo kwao, kufunikwa ni kuwa chini ya mtumishi aliyekutangulia. Asiyefunikwa ni kama nyumba isiyo na paa, kila kitu kinaingia. Levis akamrudishia Askofu simu yake.

"Unawasomea kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

Askofu akafumba macho kidogo. Alionekana ameumia kweli. "Maono ya nyumba hii ni ya kimataifa, Levis. Unajua tumetoka wapi. Sasa wewe unaanzisha kanisa jingine ndani ya simu, watu ishirini na watatu, la Kiswahili, na mimi napata habari kwa kushukuriwa." Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Tarehe kumi na moja mwezi wa kumi na mbili nakuwekea mikono. Cheti chako kimeshachapwa. Nataka nikuwekee mikono kwa moyo mweupe. Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Funga hilo kundi. Ijumaa hii usimame mbele ya kanisa useme ulifanya bila kufunikwa. Halafu unipe majina na namba za hao dada zetu, Virginia wa Idara ya Ufuatiliaji awafuatilie. Ni kondoo wetu, hatuwezi kuwaacha wanazurura."

"Na nisipoweza, Baba Askofu?"

"Utarudi nyumbani salama," Askofu akasema kwa upole, "na Mungu atakuinulia mtu mwingine huko."

Mpole namna hiyo, ungemfanyaje? Angemfokea, Levis angepata pa kushikilia. Alishukuru kwa chai, akarudi getini, akamkuta Harun kwenye zamu yake. Akamweleza yote.

"Yule mtu wa kubeba kuni," Harun akasema baada ya kufikiri, "si ndiye uliyemtukana kurasa mbili?"

"Yule alikuwa anaogopa moto. Mimi nafuata utaratibu tu, Bwana Harun. Kanisa lina utaratibu."

"Haya. Utaratibu." Harun akainua nguzo kumpisha mtu wa kuleta chakula, akaishusha. "Na wale akina mama?"

"Watatunzwa vizuri zaidi. Kuna idara nzima."

Harun akafungua daftari la wageni akaanza kupiga mistari ya ukurasa mpya.

Levis aliketi kitandani kwake akaandika orodha kwa mwandiko wake mzuri wa kuandikia wageni. Majina ishirini na matatu, mitaa, namba. Peninah alikuwa wa kwanza. Alipofika chini ya karatasi, kalamu ilisimama. Alitaka kuandika: tafadhali msiwapigie simu, watumieni ujumbe. Maneno matano tu. Lakini akajiuliza Askofu ataonaje. Huyu kijana ameitwa kwa sababu ya kukosa utii, na kwenye karatasi ile ile ya kutubu anampa Askofu masharti! Itaonekana bado ana kiburi. Akasema moyoni kwamba Virginia ni nesi, mtu mwenye akili, ataelewa mwenyewe. Akaikunja karatasi bila kuyaandika.

Kwa wanawake alituma sauti moja fupi. Aliwaambia kundi linafungwa, kwamba sasa watachungwa na kanisa lenyewe, kwamba wawe na utii. Wengine walituma mikono ya kusali. Peninah alijibu kwa sauti.

"Sawa, mwalimu. Na ile sura tuliyoiachia katikati?"

Levis aliisikiliza mara mbili. Hakumjibu.

Ijumaa akasimama mbele ya watu akasema aliyotakiwa kusema, kwa Kiingereza bila shaka, na kwa kuwa alikuwa ameyakariri, Kiingereza chake hakikuwahi kutiririka vile. Ilimchukua dakika mbili. Watu walipiga makofi, Askofu akamkumbatia, na dada Virginia wa safu ya mbele akalia machozi ya furaha. Kilichomtia Levis aibu, baadaye, ni kwamba alijisikia vizuri. Alirudi kwenye kiti chake mwepesi, na siku hiyo chakula kilimwingia vizuri kuliko siku nyingi.

Sasa huyu Virginia. Alikuwa nesi, tena mzuri, mtu ambaye ukimpa kazi haitalala nusu. Madaktari walimwogopa. Alipewa orodha na Askofu, akaiweka kwenye faili lenye kifuniko cha plastiki, akasubiri siku yake ya mapumziko, Jumanne, akanywa chai, akakaa kwenye kochi saa nne asubuhi, akaanza kupiga simu. Namba moja baada ya nyingine. Isipopokewa anarudia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, mgonjwa asipopokea rudia mara tatu. Na ilipopokewa na mtu mwingine, hakuficha kitu, maana mtumishi wa Mungu hafichi. Kwa Kiingereza safi na cha adabu alijieleza kwamba anapiga kutoka kanisani, kwamba wana wasiwasi juu ya hali ya kiroho ya huyo dada, kwamba amekuwa kwenye kundi lisilo rasmi la kwenye simu kwa miezi sita, na je, anaweza kuzungumza naye?

Alimaliza orodha yote kabla ya adhuhuri. Aliona kazi imekwenda vizuri, ingawa wengi walikata simu.

Levis hakujua lolote. Aliendelea na geti lake. Siku tatu kabla ya kuwekewa mikono, ilimjia hamu ya kuwaaga wale wanawake vizuri, hata kama ni kwa neno moja, akawatumia kila mmoja salamu. Alama ikatokea moja moja, ile ya kuonyesha ujumbe umetoka kwako lakini haujamfikia mtu. Akangoja saa nzima. Moja. Akaangalia jioni, moja. Ujumbe wa Milcah peke yake ndio uliofika, na kesho yake asubuhi, Levis akiwa zamu, ukaja ujumbe wake.

"Pasta, kwa nini mliwapigia? Wengi simu zimechukuliwa. Hannah amerudishwa kwa ajenti. Peninah mkebe ulipiga kelele madam akiwa hapo hapo. Mimi madam alicheka tu. Wengine hawana madam wangu."

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni mwa kibanda, kwenye baridi ya kile kiyoyozi. Aliumia, na aliumia pahali pabaya, kwa sababu alikumbuka maneno matano na pale kalamu iliposimama. Gari lilipiga honi nje mara nne ndipo akanyanyuka kufungua.

Akamwambie Askofu? Alifika mpaka chini ya jengo la Askofu, Jumatano, na kitufe cha kengele alikigusa. Halafu akafikiri, nikisema leo, Ijumaa itaahirishwa. Itafanywa kamati. Januari itafika. Na simu zilizochukuliwa hazitarudi kwa kamati. Wazo hilo lilikuwa la busara kabisa, na kila alipoligeuza aliona lina busara zaidi. Akarudi zake.

Tarehe kumi na moja ukumbi ulijaa. Levis alivaa suti nyeusi, akapiga magoti kwenye mto mwekundu, mgongo kwa watu. Kabla ya kuwekwa mikono zikasomwa taarifa, na dada Virginia akaja mbele na faili lake. Akaliambia kanisa kwamba Idara ya Ufuatiliaji imewafikia dada ishirini na watatu waliokuwa wamepotoka, kila mmoja kwa simu, wengine mara tatu. Kwamba kwa sasa wengi wao hawapatikani. Kwamba tuwaombee, mioyo imekuwa migumu.

"Amina," likasema kanisa.

Levis akiwa pale pale magotini alijua kwamba angeweza kusimama. Ilikuwa rahisi, magoti yenyewe yalikuwa yanamuuma. Angegeuka na kuwaambia watu hawa wema, kwa lugha yoyote, kwamba wale wanawake mioyo yao haina ugumu wowote, wana Injili karibu nzima ndani yake, ni sisi tuliowapokonya simu. Ni mimi. Alilifikiria jambo hilo mpaka mwisho wake. Kisha akasikia mikono ya Askofu Herbert ikitua kichwani, mizito na yenye joto, na juu yake sauti ikiuliza kama yuko tayari kuwachunga kondoo wa Bwana, wadogo kwa wakubwa, bila kumpoteza hata mmoja.

"Niko tayari," Levis akajibu kwa Kiingereza, "Mungu akinisaidia." Makofi yakalipuka, na mtu akaanza wimbo.

Kulikuwa na pilau. Pasta Levis, kola nyeupe shingoni, alikula kijiko kimoja, akapigwa picha ishirini za kutumwa Ugunja, kisha akatoka kama anakwenda chooni, akapanda basi la Al Thumama. Nyumba ya Peninah aliijua kwa maelezo yake mwenyewe, kwamba ukipita msikiti mdogo kuna bakala, kiduka cha mtaani, na mbele ya bakala kuna ukuta wenye maua ya rangi ya zambarau na geti la kahawia. Safari yote alijipanga. Atabisha hodi. Akiwa na kola hawatamfukuza. Atasema kosa ni lake, mama huyu hana hatia, naomba mumrudishie simu.

Alifika mbele ya geti, mkono ukainuka, ndipo akili ikarudi. Mwanaume asiyejulikana, wa kanisa, siku ya Ijumaa, anamuulizia shagala? Hapo angemmaliza kabisa. Akavuka barabara, akanunua maji ya chupa kwenye bakala, akasimama kivulini. Ndege zilikuwa zinapita chini chini kuelekea uwanjani, moja baada ya nyingine.

Geti dogo likafunguka. Akatoka mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa miaka hamsini hivi, na mifuko miwili ya takataka. Akaitupa kwenye pipa. Alipogeuka akamwona mtu mweusi mwenzake amevaa kola, akaangalia nyuma kama geti limerudishwa, akavuka barabara haraka haraka.

"Pasta, shikamoo. Unajua Kiswahili?"

Ilikuwa ile sauti. Miezi sita alikuwa nayo sikioni kila siku, ikimrudishia sura zote bila kuacha neno. Na hapo hapo Levis akaelewa kwamba yeye pia ana sauti tu. Uso wake huyu mama haujui, suti haijui, lakini akifungua mdomo aseme neno moja, ndiyo au marahaba, atajulikana.

Akatikisa kichwa. Hajui.

Peninah akakata tamaa kidogo, lakini hakuondoka. Akajaribu Kiingereza chake cha jikoni, akisaidiwa na mikono. Je, pasta anamjua Ticha Levis? Wa kanisa la Abu Hamour? Akimwona amwambie simu imechukuliwa. Amwambie hawakumkimbia, asije akadhani wamemkataa. Yule mtu amewasomea vizuri, atakuwa anasikitika peke yake huko.

Pasta Levis akaitikia kwa kichwa. Atamwambia. Peninah akamshukuru, akashusha kitambaa vizuri masikioni, akavuka kurudi kwenye kanzu zake.